Mwaka wa Wageni Wasiokula

Bi Mafunda tulimzika Wambaa mwezi uliopita, na kwenye hitima yake nilikula pweza wa nazi mpaka nikajionea haya. Si kawaida yangu kula sana msibani. Lakini sufuria lilipofunuliwa na harufu ya tui na bizari ikanipanda puani, nilikumbuka sufuria jingine, la ua huo huo, lililopikwa tangu alfajiri likarudi jikoni bila kuguswa na wale waliopikiwa. Hasira ya siku ile ikanirudia nzima, na mimi nilidhani nimeshaizika zamani. Wanawake waliokaa karibu yangu walinishika mkono wakinambia nisubiri, kila nafsi itaonja mauti. Niliitikia kwa heshima. Sikuweza kuwaambia kwamba namlilia marehemu, ndiyo, lakini pia nawalilia watu watatu waliokuja na viatu vizuri na kuondoka na njaa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimetoka Msuka, kaskazini mwa Pemba, kuja Chake Chake kufanya kazi katika ofisi ndogo ya mambo ya wawekezaji, na nikapanga chumba juu ya duka la Bwana Kanti. Babu yake Bwana Kanti ndiye aliyelifungua duka lile, na mjukuu aliendelea kuuza vitambaa, misumari, betri, mafuta ya nywele, na chochote ambacho meli ilikumbuka kukileta. Chumba changu kilikuwa na sakafu ya mbao, nazo mbao zile zilikuwa zimeachana. Asubuhi nikikunja mswala nilisikia kengele ndogo ya mkewe akiwasalia miungu yake huko chini, kisha nilisikia Bwana Kanti akianza. Alilalamika umeme. Alilalamika leseni aliyoomba ikakaa ofisini mpaka akasahau aliiombea nini. Alilalamika bandari, mizigo iliyokaa juani, makarani waliokuwa kwenye chai kila alipokwenda na waliokuwa kwenye sala kila aliporudi. Alilalamika kwa Kihindi chao na kwa Kipemba safi kabisa, mpaka wateja wakawa wanamsaidia kulalamika. Yote niliyoyajua mwaka ule kuhusu biashara katika kisiwa hiki yalinifikia kupitia nyufa za sakafu.

Mkuu wangu ofisini alikuwa Mzee Faki, mtu mwema, mwenye kofia ya kiua isiyopata kuchafuka. Siku moja aliingia amejawa na furaha. Kampuni moja ya ng'ambo inayogandisha samaki na pweza ilitaka kujenga kiwanda mahali fulani kwenye mwambao wetu huu wa Afrika, na Pemba ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizofikiriwa. Wakurugenzi wake watakuja wenyewe kuangalia mazingira ya biashara. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuyasikia maneno hayo, mazingira ya biashara, na Mzee Faki aliyatamka kama mtu anayetaja jina la mkwe mpya. Kama tutapendeza, kiwanda kitajengwa Wambaa, na kitakuwa na barafu.

Hilo la barafu lilikuwa ndilo hasa. Alinituma Wambaa nikazungumze na wanawake wanaokwenda pwani kutafuta pweza, nijue shida zao, tuwe na la kuwaambia wageni. Huko ndiko nilikomkuta Bi Mafunda, mkubwa wao, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukwaruza. Nilimsalimia, nikakaa, nikatoa kalamu nikamuuliza wana shida gani. Akanambia hawana shida, wanamshukuru Mungu, na kama sina haraka ningoje chakula. Nikamuuliza tena kwa njia nyingine. Hawana shida. Akaleta muhogo wa nazi na pweza wa kuchoma, tukala, nikanawa mikono, nikashukuru. Hapo ndipo alipojivuta karibu, akakunja kanga mapajani, akaanza. Hakunyamaza mpaka adhana ya alasiri.

Nikaelewa siku ile. Bamvua likija, maji yakakupwa mbali na mwamba ukiwa wazi, wanawake wote hupata pweza kwa pamoja, na kila mmoja anataka kuuza siku hiyo hiyo. Mchuuzi anajua hawana barafu. Kwa hiyo haji asubuhi. Anakaa mjini na sanduku lake la baridi anakunywa kahawa, anakuja jua limeshakuwa kali na pweza wameanza kulegea, kisha anataja bei anayoitaka yeye. Anayekataa anabaki na pweza wake, na kufika magharibi anawafukia chini ya minazi. Bi Mafunda alinipeleka kunionyesha mahali wanapofukia. Minazi ya pale ilikuwa imestawi kuliko yote kijijini, na aliniambia hilo bila kucheka. Nilikwenda Wambaa mara nyingi baada ya hapo, mara nyingine bila kutumwa na ofisi. Kila mara nilikula kwanza.

Siku za ugeni zilipokaribia, Mzee Faki alianza kuazima. Asiye mtu wa kwetu anaweza kuona huo ni udanganyifu, lakini kwetu mgeni akija mtu huazima sahani kwa jirani, godoro kwa shemeji, pazia la bibi harusi, na hakuna anayeona tabu kwa sababu kesho ni zamu ya mwingine. Mzee Faki aliazima kwa kiwango cha serikali. Friji ya Bwana Kanti ilipandishwa ofisini kwetu. Kapeti lilitoka kwenye nyumba ya mtu aliyeozesha binti yake wiki moja kabla. Jenereta lilikodiwa kwa mpigaji muziki wa maharusi, likawekwa nyuma ya ukuta na kufunikwa makuti, umeme ukizimika lipokee. Kisha akatuita sote, na wafanyabiashara kadhaa wa mji, akatuomba kwa upole kwamba mgeni asisikie habari mbaya hata moja. Watu waliitikia kwa moyo. Hakumtisha mtu; alikuwa akitukumbusha adabu tuliyolelewa nayo.

Wakaja watatu. Mkuu wao alikuwa mzee mwenye nywele nyeupe na sauti ya chini, akifuatana na Bi Ingrid, mama wa mambo ya fedha, na kijana wa bara aitwaye Elisha aliyekuwa akiwashughulikia kutoka Dar es Salaam. Mimi niliwekwa kuwa mkalimani, nikapewa chumba kwenye nyumba ile ile ya wageni walimofikia ili nisiwe mbali. Siku ya kwanza ilikuwa ya hotuba. Mzee Faki aliwaonyesha sheria, misamaha ya kodi, ramani. Mzee wa nywele nyeupe aliitikia kwa kichwa kila ukurasa, na nilipomtazama vizuri niliona hasomi. Alikuwa akitazama friji. Kisha akaomba kwenda msalani, akachelewa kurudi, na aliporudi akamuuliza Mzee Faki umeme ulikatika lini mara ya mwisho, na ulipokatika walimpigia simu nani. Mzee Faki akasema umeme haukatiki. Nikatafsiri. Wakati natafsiri, nyuma ya ukuta jenereta lilikuwa linanguruma kama ng'ombe mwenye kikohozi.

Mchana waliomba kumwona mfanyabiashara mmoja peke yake, bila mtu wa serikali, na nikawapeleka kwa Bwana Kanti. Nilishukuru moyoni. Nilijua huyo atawamwagia yote, maana aliyamwaga kila siku bure. Bwana Kanti aliwakaribisha, akawapa viti, wakakataa soda, na alipoulizwa biashara ikoje Pemba akajibu kwamba mwaka huu mvua zimekuwa nzuri. Leseni? Zinatoka. Bandari? Ipo. Nilimkodolea macho mpaka yakaniuma. Wageni walipotoka nje kupiga picha, nilimgeukia nikamuuliza vipi tena, baba yangu, mbona jana tu asubuhi nilikusikia.

"Wao wanaondoka keshokutwa na ndege," akanijibu huku akikunja kitambaa. "Mie nabaki na leseni yangu mezani kwa Mzee Faki."

Jioni ile, baada ya sala ya magharibi, wale watatu walikaa barazani wakingoja chakula chao, na dirisha langu lilifungukia baraza. Sikutega sikio. Walizungumza Kiingereza kama watu wanaodhani ukuta haujui lugha. Elisha alimuuliza mkuu wake anaionaje Pemba ukilinganisha na sehemu nyingine walizokwenda. Yule mzee akasema sheria za nchi zote siku hizi zinafanana, kila moja inatoa msamaha wa kodi ule ule, kwa hiyo yeye huwa hasomi karatasi. Anaangalia kama karani mdogo anathubutu kumsahihisha mkuu wake mbele ya watu. Anaangalia anayekuja kuwasha taa zikizimika. Na zaidi ya yote, alisema, anawasikiliza wenye maduka. Akiwasikia wanalalamika, roho yake inatulia, kwa sababu anayajua matatizo na anaweza kuyapigia hesabu. Mahali anapopaogopa ni pale ambapo hakuna anayelalamika. Huko ama watu wana hofu, ama hakuna biashara. Bi Ingrid akasema basi hapa ni pa kuogopwa sana.

Nilikaa kitandani nikashika kichwa. Hakuna anayelalamika! Pemba! Tunalalamika tangu alfajiri mpaka isha, tunalalamika tukiwa tumelala. Nilitamani nipenye kwenye dirisha lile niwachukue mkono mmoja mmoja, niwalaze chumbani kwangu juu ya zile mbao, wamsikilize Kanti asubuhi moja tu. Lakini bado nilikuwa na matumaini, kwa sababu kesho ilikuwa ni Wambaa, na Bi Mafunda hakuwa na leseni mezani kwa mtu. Hakumwogopa Mzee Faki wala yeyote aliyevaa kofia. Nilijua atasema. Nilijua pia atakachokihitaji kabla ya kusema, na alikuwa ameshanipelekea habari kwamba ataamka alfajiri apike.

Tulipofika kwa magari mawili, Mzee Faki akiwa kwenye la nyuma, ua ulikuwa umefagiwa ukaachwa na mistari ya ufagio, mikeka mipya imetandikwa, na wanawake wamekaa wamejipanga na kanga zao za sikukuu. Salamu zilikuwa ndefu kama inavyopasa. Kisha sufuria likaletwa, na wali, na kachumbari, na birika la kunawia. Bi Ingrid akaweka mkono kifuani akasema anashukuru sana lakini hawatakula. Nilidhani anaona haya, nikamkaribisha tena. Akanieleza polepole, kwa upole kabisa, kwamba kampuni yao ina utaratibu: hawapokei chakula wala zawadi kwa mtu ambaye huenda kesho watanunua bidhaa kwake, kwa sababu inaweza kuonekana wamehongwa. Nikamwambia ni wali tu, mama. Akasema anaelewa, lakini utaratibu ni utaratibu. Elisha alikuwa analitazama sufuria kwa macho ya mtu aliyelelewa vizuri, akameza mate, akatazama chini.

Kwa hiyo walikaa kando ya chakula kinachopoa na wakauliza maswali yao. Mna shida gani katika kazi yenu? Bi Mafunda akasema hawana shida, wanamshukuru Mungu. Barafu mnapata wapi? Barafu hupatikana. Mchuuzi anawafanyia haki? Mchuuzi ni mtu wa hapa hapa, ni mtoto wetu. Kila jibu nililitafsiri kama lilivyo, neno kwa neno. Bi Ingrid aliandika kidogo kidogo, kisha akaacha kuandika.

Niliomba ruhusa nikamfuata Bi Mafunda jikoni, alikokwenda kurudisha sufuria. Nilimsihi. Nilimwambia hawa watu wamesafiri kwa ajili ya kuisikia ile ile habari ya pweza na minazi, na kama hawakuisikia leo hawataisikia tena. Alilifunika sufuria kwanza, akaweka jiwe juu ya kifuniko paka asije akalifungua.

"Sasa Rukia, mtu hajala kwangu mie n'tamwambiaje shida zangu?" akasema. "Akishakula, ni mazungumzo. Hajala, naonekana namwomba. Na mie siombi."

Nikarudi kwa Bi Ingrid. Nilimweleza kwa Kiingereza changu chote nilichokuwa nacho kwamba huyu mama ana mengi, na yote atawaambia, ila hawezi kumweleza mtu taabu zake kabla hajala nyumbani kwake. Kuleni hata tonge moja. Bi Ingrid alinisikiliza kwa makini, na nadhani alinielewa, maana alifikiri kabla ya kujibu.

"Lakini hapo si ndiyo tungekuwa tumeyanunua maneno yake kwa kukubali chakula?" akauliza.

Nimeishi na swali hilo miaka yote hii na bado linanipandisha joto. Mmoja hawezi kula kwa sababu akila atakuwa amehongwa. Mwingine hawezi kusema kwa sababu chakula chake kisipoliwa atakuwa ameomba. Wote wawili wanalinda heshima zao, wote wawili ni watu safi, na katikati yao amekaa msichana wa Msuka anayejua Kiswahili na Kiingereza na hakuna hata lugha moja inayomsaidia. Nilitaka kuwapigia kelele wote. Ningeweza kusema mwenyewe, na nilisema. Njiani tukirudi nilimweleza yule mzee habari yote ya bamvua na barafu na mchuuzi, na Mzee Faki alikuwa kwenye gari jingine. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza kwa nini basi wenyewe wamesema kinyume. Nikamwambia sababu. Akaitikia kwa kichwa kama alivyokuwa akiitikia zile kurasa za sheria.

Majibu yalikuja baada ya wiki chache kwa simu, Elisha akizungumza na Mzee Faki na mimi nikisikiliza kando ya meza. Kampuni imeamua kwenda kwingine. Mzee Faki alishika simu kwa mikono miwili, akauliza kwa sauti ya mtu aliyevunjiwa adabu, kosa lao lilikuwa nini, maana wageni walikaa siku zote hizo na hawakuona tatizo hata moja.

"Ndiyo sababu yenyewe, mzee wangu," Elisha akasema.

Mzee Faki hakuielewa sentensi ile siku hiyo, na sidhani kama aliielewa mpaka anastaafu. Alisema wazungu hawaeleweki, akatutuma kurudisha friji na kapeti. Bwana Kanti alipokea friji yake huku akilalamika kwamba imerudi na mkwaruzo, na alipopata habari kwamba kiwanda hakiji, alilaani serikali, wazungu na mvua. Nilikuwa ngazini. Nilimwambia kwamba maneno hayo yamechelewa kidogo. Kwa siku kadhaa sakafu yangu ilikuwa kimya.

Kumpelekea habari Bi Mafunda ilikuwa kazi yangu. Nilikwenda mara baada ya bamvua, na nilimkuta chini ya minazi na jembe, yeye na wenzake wawili, harufu imejaa mpaka barabarani. Alinisalimia, akamalizia kufukia, akanawa. Akanilisha. Kisha nikamwambia. Hakulaumu mtu. Aliuliza tu kama yule kijana wa bara alirudi salama, maana alimwona jinsi alivyolitazama sufuria, na roho yake ilimuuma kwa ajili yake. Mimi nililia njia nzima kurudi Chake, si kwa kiwanda, kwa sababu kiwanda sikuwahi kukiona, bali kwa lile jembe.

Nimekaa katika mikutano mingi tangu siku hizo. Nimeziona nchi zikipangwa kwenye ukuta kama watoto darasani, wa kwanza mpaka wa mkia, kwa urahisi wa kufanya biashara, na nimewasikia vijana wenye suti wakieleza vigezo. Mimi hujiuliza walikula wapi. Umeme sasa ni bora kuliko zamani, simu ziko mikononi mwa kila mtu, lakini Wambaa bado barafu inatoka mjini kwenye sanduku nyuma ya pikipiki, ikifika nusu yake ni maji. Mchuuzi wa sasa ni mtoto wa yule wa zamani.

Baada ya hitima, Bwana Haji, afisa wa ile ofisi yangu ya zamani, alikuja kukaa karibu yangu. Ni mtu mwenye heshima. Alinipa pole, kisha akanieleza kwa sauti ndogo kwamba kuna kampuni nyingine, wakurugenzi wake wanakuja kuiangalia Wambaa, ni habari ya barafu na kugandisha. Alitaka ushauri wangu kama mtu wa zamani. Alikuwa anafikiria kuanza na kapeti.

Nikamuuliza kama hao wageni watakula.

Akasema hapana, wameshaleta utaratibu wao, hawapokei chakula kwa watu ambao huenda wakafanya nao biashara.

"Basi wasije," nikamwambia.

Alicheka akidhani natania, kisha akaona uso wangu. Akasema, Bi Rukia, hawa ni watu wakubwa. Nikamwambia nimewaona wakubwa. Awaandikie kwamba hapa Wambaa taabu haisimuliwi kwa mtu aliyekataa chakula, na kama hawawezi kula wabaki kwao wakaandike kwamba Pemba haina matatizo, ndivyo tulivyoandikwa siku zote. Sauti yangu ilikuwa imepanda kuliko inavyofaa msibani, na wanawake waligeuka kututazama.

Siti, binti wa marehemu, alikuwa amechutama pale pale akikusanya sahani. Siku hizi yeye ndiye mkubwa wa wanawake wa pwani, na ana sauti ile ile ya kukwaruza. Nikamgeukia nikamuuliza, hao watu wakija wakakuuliza habari ya barafu, utawaambia nini?

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua huchomoza upande gani.

"N'tawambia yote," akasema. "Wakishakula." Kisha akamgeukia Bwana Haji, sahani zimemjaa mikononi. "Hebu waulize mapema, wanakula pilipili?"